Matumbawe Sebuleni kwa Bi Tatu

Habari ya kifo cha Saidi ilinikuta Biharamulo, mezani, nikisahihisha mitihani. Aliyepiga simu ni Mwajuma, dada yake mdogo, akasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupiga simu nyingi asubuhi hiyo, "Mwalimu, kaka ametutoka. Tunazika baada ya adhuhuri." Nilijua sitawahi. Kesho yake nilipanda basi la Ngara, nikafika kwenye nyumba ile ile ya nyuma ya soko niliyowahi kupanga, nikavua viatu na kukaa mkekani na wanawake. Kando yangu kina mama wawili nisiowajua walikuwa wakinong'ona. "Marehemu ndiye yule aliyekuwa akifuga mawe," alisema mmoja. "Mawe gani?" "Ya baharini. Aliyatia kwenye kioo, akawa anayapasha joto na kuyawashia taa. Wanasema yule mke wake wa kwanza, wa Tanga, alimlisha kitu." Mwenzake akaguna, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Msibani si mahali pa kusahihisha watu. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijibizana nao kichwani. Nilipofika kwangu niliona afadhali niandike, kwa sababu tuliokuwa tukikaa katika sebule ile mwaka ule tulikuwa wanne, sasa tumebaki wawili, na huyo wa pili sidhani kama ataandika.

Nilikuwa mwalimu mpya wa biolojia pale Ngara, sina hata kitanda, nikapangishwa chumba cha uani nyumbani kwa Bi Tatu, mama yake Saidi. Wao walikuwa Waislamu, wafanyabiashara, ukoo wao ukitoka Tanga, ingawa Bi Tatu mwenyewe alikuwa amekaa Ngara muda mrefu kiasi kwamba akipatana bei sokoni Kihangaza chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa kikali kuliko changu mimi niliyezaliwa Mabawe, wilaya hiyo hiyo. Saidi alikuwa na duka la saruji, bati na misumari. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kauli chache, mtu anayefuta vumbi la saruji mikononi kabla ya kukusalimia. Mkewe aliitwa Hamisa, naye alikuwa ametoka Tanga kweli, si kwa ukoo tu, na alikuwa hajamaliza hata miaka miwili katika baridi ya milima yetu. Nazi zake zilikuja kwa basi ndani ya gunia, na siku zilipofika, harufu ya wali wake ilinifikia chumbani kwangu kabla sijaitwa. Zilipokwisha tulikula ndizi na maharage ya Bi Tatu, na Hamisa alizimega ndizi vipande vidogo vidogo kama anayemlisha mtu mwingine.

Muda si mrefu baada ya mimi kuhamia, Hamisa alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto hakuifikia siku ya kupewa jina. Kuanzia hapo Hamisa alikaa kwenye kochi la sebuleni, lile lililo chini ya dirisha la mashariki, akawa hatoki. Wanawake wa mtaani walikuja mmoja mmoja, wakimshika mkono na kumwambia, "Ihangane." Jioni moja baada ya wageni kuondoka aliniuliza, "Mwalimu, wananiambia nini hawa?" Nikamjibu kwamba wanampa pole, wanamwambia avumilie. "Pole na vumilia ni neno moja?" "Kwetu ni moja." "Lina kazi nyingi," alisema, akageukia ukuta.

Saidi alijaribu kila alichokijua. Alimnunulia kanga, alimletea redio mpya, alimwita shangazi yake kutoka Kasulo aje akae naye. Hamisa alishukuru kwa kila kitu na hakugusa chochote. Kisha siku moja wakati wa chakula cha mchana kaka yake, Omari, alimtumia video kwenye simu. Omari alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, katika duka lenye kibali cha kuuza viumbe vya baharini vya kufugia ndani ya vioo, na walikuwa na matangi ambamo waliyakata matumbawe vipande na kuvikuza. Hamisa alitazama ile video, akairudia, akasema bila kuulizwa na mtu, "Bibi alikuwa akinipeleka kuyaona matumbawe, maji yakitoka. Alikuwa akinikataza nisiyakanyage. Aliniambia yamelala." Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyokuwa ameyasema tangu mazishi. Nilimwona Saidi ameshikilia tonge hewani. Kabla ya alasiri alikuwa uani anaongea na shemeji yake, na kwa kuwa ukuta wangu ulikuwa mwembamba nilisikia upande mmoja wa mazungumzo: "Naelewa ni mbali... Naelewa ni milimani... Nitajifunza, shemeji. Wewe nifundishe tu."

Bahari ilikuja kwa awamu. Kwanza lilikuja tangi la kioo, limefungwa magodoro kama mgonjwa. Ikafuata pampu, taa ya mwanga wa bluu, hita, na magunia ya chumvi ambayo Bi Tatu aliionja akasema hata kwenye mboga haifai. Omari alikuwa ametukataza maji ya bomba, kwa hiyo tulikinga ya mvua. Tuliiacha mvua ioshe bati kwanza, ndipo tukatega mapipa, tukayachuja maji kwa kitambaa, tukakoroga chumvi na kupima kwa kipimo chenye sindano mpaka sindano ikae inapotakiwa. Tukatia mawe ya baharini yaliyokuja yamefunikwa magunia yenye unyevu. Kisha tukaambiwa tusubiri, maji yakomae, ndipo kitu chenye uhai kiingie. Wiki zikapita. Sebuleni palikuwa na kioo kikubwa chenye mawe na maji yanayozunguka, taa inawaka mchana kutwa, na wageni wakitazama bila kujua wanachotazama. "Mwanangu," Bi Tatu alimwambia Saidi, "umeme wote huu ni wa kuyamulikia maji?" Saidi akasema, "Yanakomaa, mama." "Maji yanakomaa," alirudia Bi Tatu, akanitazama mimi kama vile shule ndiyo iliyoleta habari hiyo.

Siku ya kuchagua ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimetoka misa, tumekula, simu ya Saidi imewekwa katikati ya meza na sauti ya Omari imejaa chumba kizima. Alituma picha, Hamisa akazipitisha kwa kidole. Mara moja alimpenda tumbawe mmoja mwenye matawi kama pembe, ncha zake za zambarau. Omari akasema hapana. "Huyo anataka maji yasiyobadilika hata kidogo, dada. Joto likiteremka anakasirika, chumvi ikipanda anakasirika. Hata sisi hapa hutufia. Anayeanza anaanza na walaini." Akatutajia watatu: uyoga, ambao hukaa bapa juu ya jiwe, vifungo, ambao huota kwa kundi, kila kimoja na duara lake la rangi, na ngozi, mnene kama sikio la ng'ombe, ambaye akiwa na raha hutoa nywele fupi fupi mwili mzima. Saidi aliuliza kuhusu chakula. Omari akasema chakula chao kikubwa ni mwanga. Aliuliza pia kama tungetia na samaki wawili watatu wachangamshe tangi, lakini Hamisa akasema samaki anamjua, ameshampika sana. Tukacheka, na yeye akacheka kidogo. Halafu akainamia simu. "Omari," alisema, "nipe wasiokufa." Saidi akaishika simu kuangalia kama imekatika. "Wasiokufa hawapo, dada," Omari alisema mwishowe. "Ninao wavumilivu."

Walikuja kwa basi, ndani ya boksi jeupe la kuhifadhia barafu, kila mmoja katika mfuko wake wa maji. Tulifanya kama tulivyoelekezwa. Tuliiacha mifuko ielee kwenye tangi ili joto lilingane, tukaiongezea maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo Saidi akawatoa kwa mikono aliyoiosha mara nyingi bila sabuni na kuwaweka juu ya mawe: uyoga chini kwenye kivuli, vifungo katikati, ngozi juu karibu na taa. Mimi nilikuwa nimekazania kwamba hawa ni wanyama, si mawe wala maua, na pengine ndiyo sababu nyumba nzima ilizoea kusema "amefungua" na "amefunga" badala ya "imefungua." Uyoga alitanuka siku ile ile. Vifungo wakafuata. Ngozi alijifunga. Alikaa kama ngumi, siku baada ya siku, kisha akatokwa na utando mwepesi unaong'aa kama nta, na Hamisa akaanza tena kukaa kimya. Wote walinigeukia mimi. "Mwalimu, huyu anakufa?" aliuliza Saidi. Viumbe hawa niliwasoma, nikachora mchoro wao kwenye mtihani, nikafaulu, lakini kitabu hakikusema ufanye nini mnyama akikufungia mlango. Saidi alitaka kuufuta ule utando kwa kitambaa laini. Tukampigia Omari, naye akasema, "Toeni mikono. Anajivua ngozi. Atafungua akitaka." "Na asipotaka?" aliuliza Hamisa. "Basi hakuna mkono wako utakaomfungua."

Nimekaa na watoto wa watu darasani miaka mingi tangu wakati ule, na ushauri huo nimeurudia mara nyingi moyoni, lakini sijawahi kuuona mwepesi. Saidi hakuuona mwepesi pia. Alikuwa akitoka dukani katikati ya mchana, anasimama mbele ya kioo mikono mgongoni, kisha anamtazama mkewe kwenye kochi kwa macho yale yale, na anarudi dukani.

Asubuhi moja nikiwa chumba cha walimu, mwenzangu aliniambia kuna mgeni wangu mlangoni. Alikuwa Hamisa, amejitanda kanga, anahema kwa kupanda kile kilima cha shule. Tangu mazishi hakuwa ametoka nje ya geti. Hakunisalimu. "Shoga," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "amefungua." Niliwapa wanafunzi kazi ya kunakili tukaenda. Kweli ngozi alikuwa amesimama wima, ametanuka, mwili mzima umejaa nywele za rangi ya maziwa zikilala na kuinuka na mkondo wa pampu. Bi Tatu alikuwa amekaa mbele yake na ungo wa mchele magotini, hachambui. "Kumbe kweli mnyama," alisema.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyoenea midomoni mwa watu. Kila mtu alikuja kuona. Mama Domina, aliyetuletea unga wa muhogo kutoka Murusagamba, hakuondoka bila kuchungulia na kuuliza, "Haya, yamerara au yameamka?" Niliwaleta wanafunzi wangu wa kidato cha pili, na Hamisa akawaeleza habari za maji kutoka na maji kujaa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, nami nikiwa mmoja wao. Alikuwa amenawiri. Alipika. Alipima chumvi mwenyewe na kufuta kioo kila asubuhi. Vifungo walianza kuzaa vifungo wengine pembeni ya jiwe, naye akawa anatuita kuwaona kama mtu anayeonyesha meno ya mtoto.

Lakini mchana mmoja tulikuwa chumbani kwangu yeye na mimi, tunatoa maharage kwenye maganda, na Bi Tatu alikuwa jikoni na mwanawe, upande wa pili wa ule ukuta. Hakujua tupo. "Mwanangu, mimi simchukii," alikuwa akisema. "Lakini mwanamke analea mawe. Nataka nikuone na mtoto kabla sijaingia kaburini. Yupo binti wa watu Kasulo, wametulia, hawana makuu. Sheria inakuruhusu." Saidi akasema, "Mwache kwanza apone, mama." "Na akipona asipozaa?" Tulisikia kijiko kikiwekwa juu ya sufuria. Nilimtazama Hamisa. Aliendelea kupasua maganda, akaichagua punje moja, akaigeuza. "Maharage haya yana wadudu," alisema. Nilitaka kumwambia kitu. Lugha zote mbili nilizonazo zilinipa neno lile lile, nikalimeza.

Kiangazi kilipoingia na baridi yake, umeme wa mji ukakatika, na safari hii haukurudi kama tulivyozoea. Saidi alileta jenereta ndogo ya dukani, tukaunganisha pampu na hita, ikanguruma uani mpaka petroli ikaadimika mji mzima. Alituma watu mpaka Kasulo wakarudi na madumu matupu. Ndipo tukabaki na mikono. Omari alituambia kwa simu iliyokuwa inakaribia kuzima kwamba maji yakisimama yanakosa hewa, kwa hiyo tuyachote na kuyamimina, tuchote na kumimina, na tufunike kioo na blanketi, na tuziache chupa za maji ya moto zielee humo. Tulifanya hivyo kwa zamu. Nilitoka shule nikakaa na jagi. Saidi alifunga duka, mtu ambaye hata siku ya kuzika mtoto alikuwa amelifungua jioni. Hamisa hakukubali kuinuka kabisa, akawa anachota na kumimina na macho yake hayatoki kwa ngozi.

Siku ya pili ya hali hiyo Bi Tatu aliingia na sufuria la maji yanayofuka. Aliliweka chini, akakunja mikono ya gauni, akamwambia mkwewe, "Nipishe hapo. Umechoka." Hamisa akasogea, nadhani kwa mshangao. Bi Tatu akashika jagi na kuanza kumimina, polepole, bila kumwaga hata tone. "Mimi nilizika watatu kabla ya huyu," alisema, akimwonyesha Saidi kwa kidevu, kana kwamba anaendeleza mazungumzo yaliyoanza zamani. "Nilikuwa sijui kama mtu anaruhusiwa kukaa kwenye kochi." Tuliendelea kuchemsha maji na kujaza chupa, na kwa mchana ule mmoja sebule ile ilikuwa na watu wanne wanaotaka jambo moja.

Hatukuweza. Uyoga aliachia jiwe na kuelea. Vifungo walijifunga mmoja mmoja na kubaki hivyo, na hata umeme uliporudi hawakufungua. Ngozi alikuwa wa mwisho. Aliinama, akalegea, akaanza kumeguka, na maji yakapata harufu ambayo ubani wa Bi Tatu haukuifukuza. Saidi alimtoa akiwa amefumba macho. Omari alisema alikuwa na wengine, angetuma wengine, na Hamisa akaichukua simu mkononi mwa mumewe na kumwambia kwa upole, "Asante kaka. Watunze hao hao walioko huko."

Mama yake alimwita akapumzike Tanga, na wote tulikubali kwamba ni vizuri. Nilimsaidia kufunga sanduku. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya yule binti wa Kasulo. "Mama wa watu anataka mjukuu. Nitamlaumu kwa hilo?" alisema. "Saidi hajanikosea. Hakuna aliyenikosea hapa, shoga. Hilo ndilo linalonichosha. Ningepata hata mmoja wa kugombana naye ningekaa." Saidi alimsindikiza kituoni, akampakilia sanduku, akasimama chini ya dirisha lake mpaka basi likaondoka. Walikuwa wameagana kwa miezi miwili. Miezi hiyo ilipita. Simu zake zikawa fupi, kisha zikawa zinapokelewa na mama yake. Talaka ilikuja kuombwa baada ya mimi kuondoka, na kutolewa bila ugomvi, na miaka mingi ilipita kabla ya Saidi kuoa tena. Bi Tatu alifariki kabla hajamwona mtoto wa Saidi. Hamisa ana watoto sasa, wawili. Nimewaona kwenye picha.

Lakini kilichonifanya niandike si hayo. Ni kwamba tangi halikuondolewa. Baada ya Hamisa kuondoka, Saidi alilisafisha, akarudisha mawe, akawasha pampu na hita na taa. Mvua za vuli zilipoanza alitega mapipa. Kila wiki alitoa maji ya zamani, akakoroga mapya, akapima, akajaza, na humo ndani hamkuwa na kitu chenye uhai hata kimoja. Mama yake alikuwa akimpisha tu apite na ndoo.

Mwisho wa mwaka nilipata uhamisho kuja Biharamulo. Asubuhi ya kuondoka niliingia sebuleni kuaga, begi begani, nikamkuta amepiga magoti mbele ya kioo. "Mwalimu," alisema, "kama basi bado, nishikie huu mpira." Nikaweka begi chini, nikashika ncha ya mpira ndani ya ndoo, tukayaangalia maji safi yakitoka kupisha maji mengine safi. Nilikuwa nimejizuia wiki nyingi. "Kaka Saidi, humu hamna kitu." "Najua." "Basi mpaka lini?" Aliendelea kukoroga. "Yanachukua muda kukomaa. Si unakumbuka? Akirudi asije akaambiwa asubiri tena." Nje kondakta alikuwa akiita abiria wa Biharamulo. Nilimuuliza, na mpaka leo sijui nilipata wapi moyo wa kumuuliza, "Na asiporudi?"

Saidi aliinua kipimo kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama. "Chumvi imezidi kidogo," alisema. "Niongezee ya mvua." Nikaongeza.